Bilauri Iliyovishwa Dhahabu

Mwezi Januari 2008, katika mji mdogo wa Crewkerne, kusini-magharibi mwa Uingereza, ulifanyika mnada wa vitu vya kale. Katika orodha ya siku hiyo mlikuwa na jagi la mvinyo. Lilielezwa kuwa ni la Kifaransa, la karne ya 19, limechongwa wanyama ubavuni na kupambwa kwa dhahabu na enameli. Dalali alilikadiria pauni 100 hadi 200, bei ya jagi zuri la kutoa mezani siku ya wageni. Kumbe miongoni mwa wazabuni walikuwamo wenye macho mengine. Bei ikapanda, ikapanda, na nyundo ilipogonga meza ilikuwa imefika pauni 220,000.

Mauzo hayo yalibatilishwa baadaye kwa makubaliano. Oktoba mwaka huohuo jagi lilelile likapelekwa Christie's, London, na safari hii likaandikwa kwa jina lake. Likanunuliwa kwa pauni 3,177,250.

Halikuwa jagi la mvinyo, wala halikuwa la kioo. Lilikuwa birika lililochongwa kutoka jiwe moja la bilauri miaka elfu moja hivi iliyopita, mjini Cairo, zama za makhalifa wa Kifatimi. Cha Kifaransa kilikuwa ni vazi tu: dhahabu na enameli iliyotiwa mwaka 1854 na sonara Jean-Valentin Morel katika karakana yake ya Sèvres. Dalali aliliangalia vazi, mvaaji hakumwona.

Tusimcheke sana. Kosa hilo ni la kale kuliko yeye, na sisi wa pwani tumelitia hata ndani ya lugha. Ukiagiza maji katika nyumba ya Unguja au Lamu, utaletewa kwenye bilauri, na bilauri hiyo ni gilasi ya kioo ya kununuliwa dukani. Lakini neno lenyewe, tulilolipata kwa Waarabu, asili yake ni jina la jiwe: lile jiwe gumu jeupe linalopitisha mwanga kama maji yaliyosimama, ambalo wanajiolojia huliita kwatzi. Kioo kilipoanza kutengenezwa kikiwa safi kiasi cha kufanana na jiwe hilo, jina likahama. Jiwe likasahaulika, gilasi ikarithi.

Kuvitenganisha viwili hivyo kwa jicho ni kazi ngumu, lakini mkono hujua. Jiwe la bilauri ukiliweka shavuni linabaki baridi muda mrefu. Kioo hupata joto upesi. Kioo, hasa cha zamani, kina vipovu vidogo vya hewa vilivyonaswa tangu kilipokuwa uji wa moto. Jiwe halina vipovu. Lina ukungu na nyufa nyembamba kama utando. Tena jiwe hukikwaruza kioo, na kioo hakiwezi kulikwaruza jiwe. Ila ni nani atakayekikwaruza chombo cha watu ili ajue?

Sasa jiwe hilo lilitoka wapi? Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, aliandika kitabu kizima juu ya vito na madini. Alipofika kwenye bilauri alieleza kwamba mawe yake yalikuwa yakiletwa Basra kutoka visiwa vya Zanji na kutoka visiwa vya Maldivi na jirani zake, na kwamba vyombo vyake vilichongwa hukohuko Basra. Zanji ndilo jina walilotuita wanajiografia wa Kiarabu na Kiajemi, sisi na pwani yetu na visiwa vilivyo mbele yake.

Hayo si maneno ya kitabuni pekee. Bukini, yaani Madagaska, ina kwatzi safi yenye mapande makubwa ajabu, mapande ya kutosha kutoa birika zima. Na katika kisiwa cha Mayotte, kati ya Bukini na Ngazija, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta kwenye magofu ya Dembeni vipande vingi vya bilauri pamoja na vigae vya vyombo vya China na Iran, katika mji uliostawi kati ya karne ya 9 na ya 12. Yaani jiwe lilivushwa kutoka Bukini hadi Dembeni, likangoja kusi, kisha likapanda chombo kuelekea kaskazini pamoja na pembe na magamba ya kasa. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba hata mabirika makubwa ya Cairo yalichongwa kutoka mawe ya njia hiyo, kwa kuwa mapande ya ukubwa ule hayapatikani ovyo.

Al-Biruni ametuachia pia picha moja ya karakana ya Basra, na mimi kila nikiisoma naitamani. Anasema alikuwapo mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukadiria tu. Huwekewa mbele yake mawe, makubwa kwa madogo, naye huyageuza moja moja akiwaza ni chombo gani kilicho bora kutolewa ndani ya kila jiwe. Akishakata shauri huandika juu ya jiwe lenyewe, na jiwe hupelekwa kwa mafundi. Mtu huyu hachongi hata punje, lakini ujira wake ni mara kadhaa ya ujira wa wachongaji, kwa sababu ya tofauti iliyopo baina ya kujua na kutenda. Dalali wa Crewkerne naye alikuwa mkadiriaji. Neno ni moja, macho ndiyo mbalimbali.

Hesabu ya mkadiriaji wa Basra ilikuwa nzito kweli. Jiwe la bilauri haliyeyushwi likamiminwa upya, ukilikosea umelikosea. Fundi wa kioo akiharibu chombo hukirudisha tanuuni. Fundi wa bilauri hana tanuu. Ana unga mkali wa mawe magumu, maji, mafuta, gurudumu dogo la shaba na keekee inayozungushwa kwa uta, na ana siku nyingi. Huanza nje, akalipa jiwe umbo la lulu inayoning'inia, tumbo pana chini na shingo nyembamba juu. Mshikio hautiwi baadaye, hutoka katika jiwe lilelile, kwa hiyo tangu siku ya kwanza fundi huacha upande mmoja wa jiwe ukiwa mnene bila kuugusa. Kisha huja kazi ya kutia hofu: kulitoboa jiwe kupitia shingoni na kulifukua tumbo kwa ndani, mahali ambapo mkono haufiki na jicho halioni vizuri, hadi ukuta wa chombo ubaki milimita 2 hivi. Baada ya hapo ndipo huja nakshi: ndege, simba, majani yanayojikunja, duma waliofungwa minyororo shingoni kama wale wa birika la Crewkerne, na juu yake maandishi ya Kikufi. Mteguko mmoja wa mkono, na kazi ya miezi inakuwa changarawe. Vyaelea, vimeundwa, na hiki kimeundwa kwa kukwanguliwa punje baada ya punje.

Mabirika makubwa ya aina hiyo yaliyofika zama zetu huhesabiwa saba. Moja, lililoko hazina ya kanisa la San Marco mjini Venice, limeandikwa dua ya baraka kwa Imamu al-Aziz Billahi, khalifa aliyetawala Misri kutoka 975 hadi 996. Jingine lilichongewa Husayn, mwana wa Jawhar, yule jemadari aliyeijenga Cairo. Nasir Khusraw, msafiri wa Kiajemi aliyeingia Misri katika miaka ya 1040, alipita soko la taa karibu na msikiti wa Amr akawaona mafundi wa bilauri wakiwa kazini, na akaambiwa kwamba mawe yaliyokuwa yakitoka Bahari ya Shamu siku hizo yalikuwa mazuri kuliko yale ya Maghribi. Katika soko hilohilo aliona pembe za ndovu zilizotoka Zanzibar. Msomaji wa kwetu akifika hapo lazima atue kidogo. Mtu ametoka Khurasani, amesimama barabarani Misri, na mbele yake kuna mali ya nyumbani kwetu.

Miaka 20 baadaye neema ile ilipinduka. Khalifa al-Mustansir alishindwa kuwalipa askari wake, mto Nile ukakosa kujaa, njaa ikaingia, na katika miaka ya 1060 askari wakaivamia hazina ya kasri. Vyombo vya bilauri vilivyokuwa vimefungiwa vizazi na vizazi vikatolewa sokoni, vikauzwa kwa yeyote aliyekuwa na fedha. Vikasambaa Sham, Bizanti, Sisilia, Andalusia. Wafanyabiashara, mahujaji na wapiganaji wa Msalaba wakavibeba vikiwa vimeviringishwa nguo hadi Ulaya, na mwaka 1204 Wavenisi walipoiteka na kuipora Konstantinopoli walipakia vingine kwa mkupuo.

Huko Ulaya ndiko masonara walikovipokea.

Kuna haja ya kueleza kwa nini chombo kizuri hivyo kivishwe fedha au dhahabu, maana mtu anaweza kudhani ni tamaa ya kung'aa tu. Vyombo vingi vilifika vikiwa na kilema. Safari ya miaka na miezi huvunja mshikio, humega mdomo, hupasua kitako. Sonara wa Ulaya hakujua kuchonga bilauri kwa ufundi ule, lakini fedha aliijua. Palipomegeka alifunika kwa utepe, palipokatika alitia mshikio wa metali, chombo kisichosimama alikipa mguu. Tena chombo kilikuwa kinabadilishiwa kazi. Chupa ya marashi ya kasri la Cairo ilipata mfuniko na msalaba juu, ikawa sanduku la masalia ya mtakatifu, na waumini waliona mfupa uliomo ndani bila kuugusa. Kioo na bilauri vilifaa kwa hilo kuliko kitu chochote. Metali ndiyo iliyobeba maandishi pia, kwa kuwa hakuna sonara aliyethubutu kuitia kalamu yake kwenye jiwe lenye ukuta wa milimita 2. Alichotaka kukisema mwenye mali mpya kilisemwa juu ya fedha.

Na hakuna aliyesema kwa ufasaha kama Suger.

Suger alikuwa mtu mfupi, mtoto wa watu wasio na jina, aliyetolewa na wazazi wake kwa monasteri ya Saint-Denis, kaskazini ya Paris, akiwa na umri wa miaka kumi hivi. Mwaka 1122 akawa abati wake, na akabaki abati hadi alipokufa Januari 1151. Saint-Denis ndiko walikozikwa wafalme wa Ufaransa. Suger alianza kulijenga upya kanisa kuukuu kipande kwa kipande, na sehemu ya mashariki ilipowekwa wakfu tarehe 11 Juni 1144, watu waliingia mahali ambapo kuta zilikuwa kama zimegeuzwa madirisha ya vioo vya rangi. Wanahistoria wa majengo huutaja ujenzi huo kuwa mwanzo wa mtindo wa Kigothiki. Mwanga kwake ulikuwa njia ya kumkaribia Mungu, na kila kilichopitisha mwanga, kikiwa dirisha au kito, kilikuwa ngazi. Bernard wa Clairvaux, mtawa mkali wa zama hizo, aliona fahari za namna hiyo makanisani kuwa upuuzi mbele ya maskini wenye njaa. Suger alijibu kwa kuongeza dhahabu.

Alikuwa na macho ya mkadiriaji. Katika kasha la monasteri palikuwa na chungu cha jiwe la rangi ya damu ya mzee kilichokaa miaka bila kazi. Suger alikitazama akaona ndani yake tai. Sonara akakitia kichwa, mabawa na miguu ya fedha iliyochovywa dhahabu, na leo tai huyo amesimama Louvre, jiwe likiwa kifua chake. Lakini chombo ninachotaka tukitazame kwa karibu ni kingine.

Ni chombo cha bilauri chenye umbo la peya refu, shingo juu na tumbo chini, na mwili wake wote umekatwa vishimo vidogo vya duara vilivyobanana safu kwa safu, mfano wa sega la nyuki. Ukiutazama mwanga ukipita humo unavunjika mara mia. Mkato huo unafanana na wa vyombo vya kioo vya Iran ya Wasasani, wafalme waliotawala kabla ya Uislamu, na kwa hiyo wapo wanaokiona kuwa cha karne ya 6 au ya 7. Wengine hukisogeza mbele hadi zama za Kiislamu. Juu yake kuna shingo ya fedha iliyochovywa dhahabu, imepandwa vito na lulu na kusukwa nyuzi za metali nyembamba kama uzi wa buibui. Chini kuna kitako kirefu cha ufundi uleule. Kwa jumla kina sentimita 33.7, na zaidi ya nusu ya kinachokuvutia macho kwanza ni metali.

Kwenye kitako, herufi zinazunguka kama ukanda. Ni Kilatini, na zinaeleza ukoo wa chombo: kwamba Eleanor alipokuwa bibi harusi alikitoa kwa mfalme Louis, kwamba Mitadolus alikuwa amempa babu yake, kwamba mfalme alimpa Suger, na Suger akawapa watakatifu. Watoaji wanne wametajwa kwa pumzi moja, mithili ya isnadi. Nimevisoma vibao vingi vya makumbusho. Ni vichache vinavyosema mengi hivyo kwa nafasi ndogo hivyo.

Tuufuate ukoo huo. Babu ni William wa IX, mtawala wa Aquitaine, kusini-magharibi mwa Ufaransa, mtu wa vita na wa mahaba, na ndiye wa kwanza katika washairi wa lugha ya huko kusini ambao tungo zao zimehifadhiwa. Huyo Mitadolus aliwasumbua wanazuoni mno, maana jina halikuwa la Kifaransa, wala la Kilatini, wala la mtu anayejulikana. Katika miaka ya 1990 mwanahistoria George Beech akalitegua fumbo. Mitadolus, alisema, ni Imad al-Dawla lililotamkwa kwa ulimi wa kigeni. Sisi tunaosema dola kila siku hatuhitaji mkalimani: nguzo ya dola. Hilo lilikuwa jina la heshima la Abd al-Malik wa ukoo wa Banu Hud, mfalme wa mwisho wa ukoo huo katika Zaragoza, huko Andalusia.

Abd al-Malik alipokonywa Zaragoza na Murabitun mwaka 1110 akakimbilia ngome ya Rueda. Maadui wake wakubwa sasa walikuwa Waislamu wenzake wa Murabitun, na rafiki yake wa lazima akawa mfalme Mkristo, Alfonso wa Aragon. Mwaka 1120 Alfonso alipambana na jeshi la Murabitun huko Cutanda akalishinda, na upande wake alikuwapo William wa Aquitaine na wapanda farasi wake. Hapo ndipo Beech anapoona wawili hao walikutana, mfalme asiye na mji na mtawala mshairi, na hapo ndipo zawadi ilipotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Dini zao zilikuwa mbili, adui alikuwa mmoja.

Mjukuu Eleanor aliolewa tarehe 25 Julai 1137, mjini Bordeaux, akiwa binti wa miaka 13 hadi 15. Baba yake alikuwa amekufa miezi mitatu kabla, na pamoja naye Aquitaine yote ilikuwa inaolewa. Bwana harusi alikuwa Louis, mrithi wa Ufaransa, naye alikuwa kijana aliyelelewa kanisani. Suger alikuwamo katika msafara uliomleta. Siku chache baada ya harusi mfalme mzee alikufa, na vijana wale wawili wakawa mfalme na malkia. Suger mwenyewe ameandika kwamba malkia alimpa mumewe chombo hicho katika safari yao ya kwanza, na kwamba mfalme alimpa yeye kwa upendo mkubwa. Ameandika pia kwamba kilifanana na zabarajadi au bilauri. Hata yeye, basi, hakukata neno juu ya jiwe, ila hakuwa na shaka juu ya kazi yake: kilipelekwa altareni kwa divai ya ibada.

Hapa ndipo ninapomvulia Suger kofia. Miaka ile ndiyo iliyozaa Vita vya Msalaba vya pili. Mwaka 1147 Louis na Eleanor waliondoka wote wawili kwenda huko, na Suger akabaki kuiangalia Ufaransa kwa niaba yao. Angeweza kulifuta jina la Mwislamu, au kulificha nyuma ya neno moja la mfalme wa mbali. Badala yake alilichonga kwenye fedha, likakaa altareni pa Saint-Denis, karibu na makaburi ya wafalme. Mtu anaweza kusema alikuwa akijivunia umbali ambao mali ilitoka. Na iwe hivyo. Jina limebaki.

Ndoa haikubaki. Ilibatilishwa Machi 1152, na Mei mwaka huohuo Eleanor akaolewa na Henry, aliyekuja kuwa mfalme wa Uingereza miaka miwili baadaye. Aquitaine aliondoka nayo. Chombo cha babu yake hakikurudi.

Haya yote ni ya jiwe. Kioo chenyewe nacho kilivishwa, na visa vyake vina mzaha zaidi, kwa sababu mara nyingi waliokivisha hawakujua kuwa ni kioo. Hazina ya San Marco ina bakuli la kioo cha buluu kizito kisichopitisha mwanga, limechongwa sungura wakikimbia, na chini yake limeandikwa Khurasani kwa Kiarabu. Rangi na jina vilitosha. Watu waliamini ni feruzi moja nzima, jiwe la thamani kubwa la Khurasani, na likatiwa ukingo wa dhahabu na enameli wa Kibizanti unaostahili jiwe hilo. Sahani ya kijani ya Genoa, iliyochukuliwa Kaisaria mwaka 1101, iliheshimiwa karne kadhaa kuwa ni zumaridi tupu. Napoleon aliipeleka Paris, ikarudi mwaka 1816 ikiwa vipande, na vipande vikasema ukweli: kioo.

Kisha kuna bilauri za Hedwig, na hizi ni bilauri kwa maana yetu ya leo, gilasi za kunywea, nene, zenye rangi ya moshi, zimekatwa simba na tai kwa mikato mipana. Nzima zilizobaki ni chache, kumi na nne hivi. Zinaitwa kwa jina la Mtakatifu Hedwig wa Silesia, aliyekufa mwaka 1243, ambaye inasimuliwa kwamba maji yaligeuka divai katika gilasi yake. Uchunguzi wa kemikali umeonyesha kioo chake ni cha aina iliyotengenezwa Sham. Kadhaa kati yake zimetiwa miguu na vifuniko vya fedha, zikawa vikombe vya ibada au masanduku ya masalia. Gilasi ya mezani ikiwekwa juu ya mguu wa fedha inainuka sentimita chache tu, na watu wanaanza kuipigia magoti.

Lakini vazi hilohilo liliwahi kuwa hatari. Mapinduzi ya Ufaransa yalipofika Saint-Denis, wenye mamlaka mapya walihitaji metali. Dhahabu na fedha za karne nyingi zilipelekwa kuyeyushwa, na katika hesabu ya namna hiyo kitako cha Suger kilikuwa ni gramu kadhaa za fedha. Bahati njema ilikuwapo tume iliyochagua vitu vya kuhifadhi, na mwaka 1793 chombo cha Eleanor kikapelekwa Louvre pamoja na tai na birika moja la bilauri la Cairo. Vyombo vingine havikuwa na bahati hiyo.

Karne ya 19 ilirudisha tamaa ya kuvisha. Jean-Valentin Morel, sonara wetu wa Sèvres, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alipata medali ya juu katika maonyesho makubwa ya London ya 1851, na tena Paris mwaka 1855. Alipoletewa birika la Kifatimi alilipamba kwa ufundi na kwa heshima, kama ambavyo angelipamba jiwe lolote la tajiri wake. Ila hakuandika lilitoka wapi. Suger aliandika. Tofauti ya hao wawili, kwa hesabu za mnadani, ni ile iliyopo baina ya pauni 200 na milioni 3.

Birika hilo sasa liko Dallas, Marekani, pamoja na mkusanyo unaoitwa Keir. Lile la Husayn, mwana wa Jawhar, lililokuwa Florence, liliangushwa mwaka 1998 likavunjika. Na chombo cha Eleanor kingali Louvre. Katika mali zote za mwanamke huyo aliyekuwa malkia wa nchi mbili na kufariki mwaka 1204, hakuna kitu kingine kinachojulikana kwa hakika kuwa kilipita mikononi mwake. Ukijaliwa kufika huko, usisimame kwenye vito vya juu. Inama mpaka usawa wa kitako, uzunguke kabati la kioo polepole, na utayakuta majina yao kwenye ule ukanda wa fedha, la Eleanor pamoja na la nguzo ya dola.